Sudan: majenerali wakae mezani, ila chakula kisiwasubiri

Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Jenerali Burhan, mtawala wa nchi, upande mmoja na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Jenerali Hemedti, upande wa pili, na hata mwezi haujaisha wajumbe wao wakawa wameshasaini kule Jeddah, mbele ya Saudia na Marekani, kwamba raia watalindwa na misaada itapita. Yaani ahadi ipo kwenye karatasi tangu Mei 2023. Baada ya hapo watu karibu milioni 12 wakakimbia makwao, na Agosti 2024 wataalamu wakathibitisha njaa kali kabisa, ile inayoua kwa wingi, kwenye kambi ya Zamzam huko Darfur.

Sasa kuna watu wanasema hawa majenerali wasialikwe popote, kila ukiwaita mkutanoni unawapa heshima wasiyostahili. Na hoja wanayo, tusiwabeze. Hawa wawili ndio walioshirikiana Oktoba 2021 kuipindua serikali ya mpito ya waziri mkuu Hamdok, alafu wakaja kugombana wenyewe kwa wenyewe. Hemedti akazunguka Afrika akipokelewa na marais kama kiongozi wa nchi, Januari 2024 IGAD, jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, wakamwalika Entebbe, Uganda, serikali ya Burhan ikakasirika ikasimamisha uanachama wake, na IGAD wakawa wamempoteza mmoja wa wagomvi wenyewe. Mwaka uliofuata RSF na washirika wao wakasaini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao, Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani na kupiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Hapo Kenya ingesuluhisha nini tena? Na ukirudi nyuma kidogo, mkataba wa amani wa 2005 ulikuwa kati ya serikali ya Khartoum na SPLM, waasi wa kusini, tu, wakati Darfur inaungua tangu 2003, kwahiyo wengi wakajifunza kwamba ukitaka kusikilizwa Sudan tafuta bunduki kwanza.

Lakini nikigeuka upande wa pili naona hoja nzito zaidi. Kuwatenga wenye bunduki hakujamlisha mtu. London Aprili 2025 walikaa mawaziri kibao bila pande zinazopigana, na hata tamko la pamoja likawashinda kwa sababu nchi za Kiarabu hazikuelewana, na siku chache kabla ya kikao hicho RSF walikuwa wameingia Zamzam, kambi ileile ya njaa, watu wakakimbia upya. Sasa linganisha na Geneva Agosti 2024. Jeshi halikutokea kabisa, wengi wakasema kikao kimekufa, ila presha iliyozunguka kile kikao ilisaidia kufungua Adré, njia ya mpakani inayotoka Chad kuingia Darfur, ambayo serikali ya jeshi, iliyokuwa imehamia Port Sudan, ilikuwa imeifunga tangu Februari mwaka huohuo. Malori yakaanza kuvuka. Ni katikati ya mvua, mengine yakakwama kwenye matope siku kadhaa, lakini chakula kilivuka na hakuna aliyesaini amani yoyote.

Na sio mara ya kwanza. Januari 2002 huko Uswisi serikali na SPLM walikubaliana kusitisha vita kwenye Milima ya Nuba peke yake, misaada ikaingia, na Julai mwaka huohuo ikapatikana itifaki ya Machakos, makubaliano yaliyofungua njia ya ule mkataba wa 2005, chini ya msuluhishi Jenerali Sumbeiywo wa Kenya. Kilitangulia kipande kimoja cha ardhi, siasa kubwa ikafuata.

Ndo maana msimamo wangu ni huu: waongee nao, ila waongee nao habari ya bunduki, na chakula kitolewe kabisa kwenye hayo mabishano. Kikibaki humo kinageuka silaha. El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, ilizingirwa na RSF kuanzia Mei 2024, mwezi uliofuata Baraza la Usalama la UN likapitisha azimio 2736 likiitaka RSF iache, na hakuna aliyelisimamia. Watu wakafika mahali pa kula ambaz, ni mashudu ya karanga yanayobaki baada ya kukamua mafuta, chakula cha mifugo, na hayo mashudu nayo yakaadimika. Mji ukaanguka Oktoba 2025 baada ya siku zaidi ya 500 na mauaji yaliyofuata dunia iliyaona.

Wiki mbili hazijapita RSF wakakubali pendekezo la Marekani, Saudia, Misri na Imarati, miezi 3 ya kusitisha vita ili misaada ipite, kisha mpito wa miezi 9. Jeshi likakataa. Hapa jeshi nawaelewa nusu: ripoti ya wataalamu wa UN imeshasema madai kwamba Imarati inapeleka silaha kwa RSF kupitia Chad yanaaminika (Imarati wanakanusha), na Misri nayo inajulikana inalibeba jeshi. Ila kukataa misaada kwa sababu humpendi msuluhishi, hilo silielewi, maana anayekosa unga ni mama aliyeko Kordofan, hao waliokataa wanakula.

Wakati huohuo wanaolisha watu kweli ni vijana wa mitaani, zile kamati za dharura zenye majiko ya pamoja, sufuria moja mtaa mzima. Marekani ilipositisha misaada mwanzoni mwa 2025 majiko mengi yalizimika. Hao wapelekewe hela moja kwa moja, na kwenye mazungumzo ya siasa wawe na meza yao wenyewe bila majenerali.

Kuhusu bunduki zenyewe, vikwazo vya silaha vya UN vinahusu Darfur tu tangu 2004, wakati droni zilishapiga hadi Port Sudan Mei 2025. Vipanuliwe nchi nzima, na anayevunja atajwe jina hata kama ni mwenyeji wa kikao.