"Dada Yake Yupo" Si Mpango

Mama akiondoka, nani atamtunza kijana? "Dada yake yupo." Basi, kikao cha familia kimeisha, watu wanahamia kwenye pilau. Kijana ana miaka 27 na kifafa cha Dravet, kile kikali kinachoanza utotoni, mama yake magoti yameanza kugoma, na mpango wa maisha yake yote yaliyobaki ni maneno matatu!

Dada yupo kweli. Lakini anajua nini? Hiki si kifafa cha jirani. Kwa wengi chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, na dawa zinazowatuliza wengine humchochea huyu: kabamazepini, mnayoiita Tegretol, fenitoini, lamotrijini. Sasa mama hayupo, kijana anaanguka saa nane usiku, daktari wa zamu hamjui. Diazepamu ikishindwa kukata degedege, hospitali nyingi hufuata na fenitoini ya mshipani. Wala si kosa la daktari. Aliyekuwa akisema "hiyo hapana" siku zote ni mama, na mama kaondoka nayo kichwani.

Ndiyo maana nadai karatasi. Moja, si lile faili la miaka ishirini ndani ya mfuko wa rambo. Juu kabisa jina la ugonjwa, chini yake ASIPEWE, kisha dawa hizo. Halafu anazotumia, kwa miligramu na saa. "Kijiko kimoja na nusu" si kipimo: valproeti, dawa ya kifafa, ya maji yenye miligramu 200 kwa mililita 5 ikibadilishwa na chupa ya nguvu nyingine, kijiko kilekile kinadanganya. Kisha uzito na tarehe aliyopimwa. Hapa ndipo nyumba nyingi huanguka: dozi ya dharura iliandikwa kliniki ya watoto akiwa na kilo 18, leo ana 58, bado anapewa ileile, halafu tunalalamika dawa haifanyi kazi. Daktari aipitie na kusaini upya kila mwaka. Nakala moja kwa dada, nyingine picha kwenye simu.

Mengine kwa kifupi. Akiba ya dawa ya mwezi mzima, maana klobazamu, dawa ya kifafa ya kila siku, ikikatika ghafla degedege linaweza kuja mfululizo. Mlango wa bafu usifungike kwa ndani, na maji yasiwe ya moto, joto humchokoza. Asilale peke yake chumba cha uani. Kifo cha ghafla usingizini kipo, tusikifiche. Akianza kutembea amekunja magoti, si uvivu, ni ugonjwa wenyewe. Mpelekeni kwa mtu wa mazoezi ya viungo.

Haya, nakubali: nyumba za kuwalea watu wazima kama huyu wengi wetu hatuna karibu, kwa hiyo dada ndiye. Basi afundishwe mama akiwa hai: wiki nzima ampe dawa yeye, amkeshe yeye, mama akae kimya chumba cha pili. Na kaka aliyeko Muscat, aliyesema "tuko pamoja" kwa sauti kuliko wote, aandike ni shilingi ngapi, na tarehe ngapi ya kila mwezi.