Nilichuchumaa, Sikupiga Magoti

Jamani, kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza habari kwamba nilipiga magoti mbele ya mteja, acheni niisimulie mwenyewe. Kwanza kabisa: sikupiga magoti. Nilichuchumaa. Simu ilikuwa kwenye chaji na soketi iko chini kabisa ya ukuta. Nyie mlioanza kucheka, nawaona.

Wenye biashara mnajua. Barua za serikali siku hizi hazina mletaji, zinatupwa kwenye akaunti ya kampuni mtandaoni. Ikishaingia humo imekufikia, usome usisome. Denmark kampuni zililazimishwa tangu 2013, kwa hiyo msiseme ni mkosi wangu peke yangu.

Sasa mteja mkubwa kakaa mezani na watu wake, anataka kujua kama tuko sawa na serikali. Nikajibu kwa madaha, "Tazameni wenyewe," nikawasha projekta, nikaandika nywila. Ukutani pakatokea maandishi makubwa kama ya bango: namba ya siri imetumwa kwenye simu yako.

Simu yenyewe si yangu. Ni ya katibu muhtasi aliyetufungulia akaunti, ambaye kazini tuliachana vibaya.

Nikampigia. Na simu yangu ina ugonjwa wake: ikiwa kwenye chaji, inajiwekea spika.

"Aa, bosi. Leo umenikumbuka."

"Dada, za siku nyingi? Kuna namba imeingia hapo..."

"Naiona." Kimya. Mteja akaweka kalamu chini. "Ile siku uliniitaje, bosi?"

Ukutani sekunde zinapungua: 40, 39, 38.

"Dada, tafadhali."

"Uliniitaje?"

"Mzigo."

"Sikusikii."

"MZIGO! Nilikuita mzigo, dada yangu, nisamehe!"

(Hapa ndipo mwenzangu anadai magoti yaligusa sakafu. Hayakugusa.)

"Haya. Nane." Akakohoa. "Tatu." Akanywa kitu, nikamsikia akimeza. "Subiri nivae miwani."

Ikafunguka ikiwa imebaki sekunde moja. Barua zimejaa, hakuna hata moja iliyosomwa, na ya juu kabisa imeandikwa: Kumbusho la mwisho, ritani ya kodi haijawasilishwa. Mteja akaisoma kwa sauti. Sijui alikuwa anamsomea nani, wote tulikuwa tunaiona.

Mengine mnayajua: faini tumelipa, mteja kimya. Leo nikaingia kubadilisha namba ya simu. Mfumo ukanijibu kwamba kuithibitisha namba mpya, namba ya siri itatumwa kwenye simu ya zamani.

Nimempigia sasa hivi. Anasema anakula, nisubiri.