Mpango wa mafuriko unaolinda mashine peke yake

Nimesoma mpango wa mazingira wa machimbo ya changarawe kando ya mto, na hasira haijanishuka bado. Vumbi limepewa kurasa zake, kelele za malori zimepewa zake, hata miti itakayopandwa imehesabiwa. Mafuriko yamepata nusu ukurasa: maji yakianza kupanda, wafanyakazi watoke shimoni, mashine zihamishiwe mwinukoni, matangi ya mafuta yafungwe vizuri. Basi, imeisha.

Wafanyakazi watoke, ndiyo, tena mapema. Hilo sina ubishi nalo. Lakini nusu ukurasa ule umeuliza tu mto utalifanya nini shimo. Hakuna mahali ulipouliza shimo litaufanya nini mto, na kwa jirani wa machimbo hilo ndilo swali lenyewe.

Shimo la changarawe mara nyingi huchimbwa hadi likawa na kina kikubwa kuliko sakafu ya mto ulio pembeni yake. Kati ya mto na shimo hubaki tuta, nalo ni la mchanga na mawe yaleyale yasiyoshikana. Mto ukifurika, maji yanavuka tuta na kuporomoka shimoni. Pale yanapoangukia yanakata ukingo, na mkato huo hautulii. Unarudi nyuma kuelekea maji yanakotoka, ukila shamba, kisha barabara, kisha msingi wa nyumba. Tumezoea kudhani kwamba wa kuogopa ni waliojenga upande wa chini wa mto. Walio upande wa juu hawaitwi hata kwenye kikao. Wazee walisema maji hufuata mkondo, na ukichimba shimo refu kando ya mto umeyachimbia mkondo.

Ujerumani, nchi isiyojulikana kwa uhaba wa sheria wala wahandisi, ililiona hili Julai 2021. Maji ya mto Erft uliofurika yaliingia kwenye machimbo ya changarawe kando ya Blessem, sehemu ya mji wa Erftstadt. Ukingo wa shimo ukaanza kumeguka kurudi nyuma, ukaufikia mtaa, na nyumba zikaporomoka pamoja na sehemu ya ngome ya kale. Picha zilizopigwa kutoka angani zilizunguka dunia nzima. Hakuna aliyekufa pale Blessem, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini huwezi kukiita mpango wa usalama kitu kilichookolewa na bahati.

Na si lazima nyumba zianguke ndipo tuamini. Mwaka 1996, katika jimbo la Washington, Marekani, mto East Fork Lewis uliacha njia yake na kuhamia katika mashimo ya zamani ya changarawe. Mto ukishaingia shimoni hivyo, mawe na mchanga ambavyo mto ulikuwa ukivibeba vinatua humo, na maji yanayotoka upande wa pili yanatoka mepesi, hayana mzigo. Maji ya namna hiyo yanatafuta mzigo mwingine: yanachimba sakafu ya mto na kufukua nguzo za madaraja. Ureno, Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro lilianguka usiku na kuua watu 59. Ni kweli kwamba kule mchanga ulichimbwa mtoni kwenyewe, si kando, na haukuwa sababu pekee. Lakini sakafu iliyoshuka chini ya nguzo haijali mchanga umechotwa wapi.

Sasa nifike kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wanapofungwa macho. Mpango unasema tuta litahimili "mafuriko ya miaka 100", na msomaji anapumua akidhani ana karne nzima mbele yake. Maana yake ni kwamba kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko makubwa, kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko ya ukubwa huo kutokea. Kwa kibali cha miaka 20 uwezekano huo unafika karibu asilimia 18. Kibali kitakwisha, kampuni itaondoka, shimo litabaki. Ukihesabu miaka 50 unakaribia asilimia 40. Aliyechimba anahesabu miaka ya kibali. Anayeishi pale ahesabu miaka ya watoto wake.

Najua changarawe inahitajika. Barabara, zege, hata kuta za kuzuia mafuriko zinaihitaji. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba shimo lililopangwa vizuri linaweza kupokea maji ya ziada na kumpunguzia mto nguvu. Lakini lililopangwa: lenye miteremko ya taratibu, lenye mahali maalumu pa maji kuingilia palipotandikwa mawe makubwa, na kina kisichopita sakafu ya mto. Umbali kutoka ukingoni usipimwe kwa mto ulipo leo. Zitolewe ramani na picha za zamani, ionekane mto umewahi kupita wapi, maana mto unaohama utarudi kulekule. Na vifusi visirundikwe kama ukuta kwenye uwanda wa mafuriko, vikayasukumia maji kwa mtu wa ng'ambo.

Lililo gumu zaidi ni fedha. Dhamana ya kutunza tuta na kurekebisha kingo ilipwe kabla kijiko cha kwanza hakijagusa udongo, ikae mikononi mwa asiyechimba, na isirudishwe siku lori la mwisho linapoondoka. Ibaki mpaka kingo zimepimwa baada ya misimu kadhaa ya mafuriko na kukutwa zimetulia. Kampuni ikisema gharama hiyo inaua biashara, basi imetueleza ni nani ilikuwa imepanga ailipe.