Kiwanda Kilichofungwa Hakijapunguza Hewa Ukaa

Wiki hii nimekutana tena na ule mchoro wa hewa ukaa ya Ujerumani wa mwaka 2023, ukisambazwa kama ushahidi kwamba nishati ikiwa ghali, viwanda hujisafisha vyenyewe. Mstari unashuka, hilo silikatai. Mwaka ule Ujerumani ilitoa takriban tani milioni 674 za gesijoto, pungufu kwa asilimia 10 kuliko mwaka uliotangulia. Lakini watafiti wa Agora Energiewende, taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa nishati, walipoichambua hesabu hiyo, walikuta ni kama asilimia 15 tu ya punguzo lote ndiyo ya kudumu. Na upande wa viwanda sababu kubwa ilikuwa moja: vilizalisha bidhaa chache.

Vilizalisha chache kwa sababu bei ya gesi asilia ilikuwa imepaa. Kabla ya mwaka 2021, megawati-saa moja ya gesi kwenye soko la Uholanzi iliuzwa kwa euro 20 hivi. Agosti 2022 ilivuka 300. Mtengenezaji wa amonia, kemikali ya kutengenezea mbolea, anaihitaji gesi mara mbili, kama malighafi na kama moto, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Viwanda vya mbolea vilipunguza kazi Ulaya nzima, na Februari 2023 kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ikatangaza kuufunga mtambo wake mmoja wa amonia huko Ludwigshafen. Wakulima hawakuacha kutumia mbolea. Amonia ilinunuliwa kutoka kwingine, na moshi wake ukaandikwa kwenye daftari la nchi nyingine. Watu walipoteza kazi, halafu tunaambiwa tushangilie. Mimi siwezi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bei kali ina la kufundisha. Iliwalazimisha wengi kuziba mianya ya joto waliyoifumbia macho miaka nenda miaka rudi. Ila somo hilo huisha haraka, na likishaisha, bei iliyobaki juu huua tu.

Mwenye kiwanda hasumbuliwi sana na swali la kama nishati kwa ujumla ni ghali au rahisi. Anapima umeme dhidi ya gesi. Hapo ndipo mambo yote yalipo, na ndipo wanasiasa wengi hawataki kuangalia. Chukua viwanda vya karatasi, vya nguo na vya vyakula: joto wanalohitaji mara nyingi halifiki nyuzi 200. Pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuta joto lililopo na kulipandisha, za kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo zipo tayari. Uniti moja ya umeme inayoingia kwenye pampu hutoa uniti mbili au tatu za joto, ikitegemea nyuzi zinazotakiwa. Basi umeme ukiwa ghali kuliko gesi mara moja na nusu, pampu inalipa. Ukiwa ghali mara nne, boila la gesi linabaki palepale, hata kama paneli za jua zimeezekwa nchi nzima na bei yake imeporomoka kwa karibu asilimia 90 katika muongo wa 2010.

Na nani anaufanya umeme uwe ghali hivyo? Mara nyingi ni serikali zenyewe. Ujerumani, kwa zaidi ya miaka 20, gharama ya kuinua umeme wa upepo na jua ilibandikwa kwenye ankara ya umeme, mpaka tozo hiyo ilipoondolewa Julai 2022. Viwanda vikubwa vilipewa msamaha. Vya kati na vidogo vililipa. Gesi haikuguswa na tozo hiyo. Yaani anayehamia kwenye umeme safi ndiye aliyelipia usafi, na anayeendelea kuchoma gesi akapita bure. Kila nikifikiria hili napandwa na hasira upya.

Kuna tatizo la pili, la jinsi soko linavyopanga bei. Mtambo wa umeme wa mwisho kuitwa ili kutosheleza mahitaji ndio unaoweka bei ya wote, na Ulaya mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Ndiyo maana mwaka 2022 hata umeme wa upepo uliuzwa kwa bei ya gesi. Dawa ni kuujenga umeme jadidifu, kama wa upepo na jua, kwa wingi kiasi kwamba saa ambazo gesi inaitwa zinazidi kupungua, na kuviruhusu viwanda vifunge mikataba ya miaka mingi moja kwa moja na wenye mashamba ya upepo na jua. Hispania, siku zenye jua kali, bei ya jumla ya mchana hushuka karibu na sifuri. Tanuri halilali usiku, najua, kwa hiyo hifadhi ya umeme na ya joto lazima iende sambamba.

Anayedhani ruzuku pekee inatosha aitazame kampuni ya chuma ya ArcelorMittal. Juni 2025 iliachana na mpango wa kutengeneza chuma bila makaa ya mawe huko Bremen na Eisenhüttenstadt, Ujerumani, ingawa iliahidiwa euro bilioni 1.3 za serikali. Miongoni mwa sababu ilizozitaja ni bei ya umeme. Tanuri la makaa hutoa karibu tani mbili za hewa ukaa kwa kila tani ya chuma, na hilo ndilo litakaloendelea kuwaka.

Saruji ni habari nyingine: takriban asilimia 60 ya hewa ukaa yake hutoka ndani ya chokaa yenyewe, na umeme rahisi hauigusi. Ushuru wa kaboni mpakani wa Umoja wa Ulaya, unaotoza bidhaa za nje kulingana na hewa ukaa iliyotolewa kuzitengeneza na ulioanza kutumika kikamilifu mwaka 2026, nauunga mkono, ili moshi usihamishiwe tu nchi nyingine.

Ninachodai hakihitaji uvumbuzi wowote. Kodi na tozo zihamishwe kutoka kwenye umeme ziende kwenye gesi na makaa, kidogo kidogo, kwa ratiba iliyotangazwa mapema ili mwenye kiwanda ajue boila lake la mwisho alinunue au asilinunue. Na kila ripoti ya hewa ukaa ya viwanda ichapishwe pamoja na tani za chuma, mbolea na saruji zilizozalishwa mwaka huohuo, kwenye ukurasa uleule.