Fundi, Naomba Dakika Tatu

Mimi ni mtu wa kukaa na watu, na katika miaka 14 niliyopanga kwenye nyumba hii ya vyumba sita, hapa Magomeni, nimevumilia mengi: nimevumilia mpangaji aliyefuga kanga uani, nimevumilia mwingine aliyekaanga dagaa saa sita za usiku, na nimevumilia hesabu za LUKU ambazo kila mwezi huvunja undugu wetu na kila mwezi hutulazimisha kuuanza upya. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba nitafika umri huu wa kuamkiwa shikamoo na watu wenye mvi, kisha nigongewe mlango na kijana wa chumba cha tatu, aniambie kwa adabu zote, "Shikamoo, fundi. Naomba dakika tatu za kimya."

Mtu akikuomba chumvi, unamkunjia kwenye karatasi. Akikuomba maji, unamwonyesha ndoo. Kimya utampimia kwa kibaba gani? Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ya kukanyaga iko barazani, ukuta mmoja na dirisha lake, na riziki yangu yote ina kelele. Ukisikia fundi cherehani amenyamaza, ujue ama amelala ama anamkimbia mteja.

Kijana huyu ni mwanamuziki, tena si wa bendi wala wa kampuni. Mwenyewe hujiita mwanamuziki huru, maana anatunga peke yake, anapiga gitaa peke yake, anaimba peke yake, anarekodi peke yake, na hata picha ya kasha la nyimbo zake alijipiga mwenyewe uani, akiegemea kamba ya kuanikia iliyokuwa na shuka langu. Huo uhuru ni wake. Sisi tuliobaki ndani ya nyumba ndio tuliotawaliwa, kwa sababu siku anaporekodi feni ya ukumbini huzimwa, friji ya mama wa chumba cha tano huchomolewa na samaki wake wakaanza kukumbuka bahari, jogoo hufunikwa tenga, na watoto hupelekwa kuchezea mtaa wa pili kana kwamba kuna maiti ndani.

Nilimuuliza kwa nini asiende studio kama watu. Katika ujana wangu kurekodi lilikuwa jambo la kuvaa viatu: bendi zilitoka Morogoro, Tabora na kwingineko, zikaenda Barabara ya Pugu kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wakasimama wote pamoja mbele ya maikrofoni, wakapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sisi tukausikia redioni bila ya mpangaji yeyote kuzimiwa feni. Akanijibu kwamba studio humtoza kwa saa, na kwamba kila akiutazama mshale wa saa unavyotembea sauti yake nayo humrudi kooni. Hapo sikuwa na jawabu, kwa sababu mimi pia siwezi kushona mteja akiwa amesimama juu ya kichwa changu.

Akanikaribisha nikaone. Nilipoingia nilidhani amehamia bandani kwa kuku, maana kuta tatu zimefunikwa trei za mayai kutoka chini hadi juu. Nilizihesabu zikafika 40, yaani mayai 1,200, na nilikuwa tayari kumpa pole ya tumbo aliponiambia kwamba amezipata kwa muuza chipsi. Nikamsifu kwa kuwa angalau trei hizo zitazuia kelele. Akainamisha kichwa na kukiri kwamba hazizuii: zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, basi, lakini kinachozuia sauti isipenye ni uzito wa ukuta wenyewe, na karatasi ya trei haina uzito wowote. Kwa hiyo amejenga banda la kuku ambalo halikidhi haja ya kuku wala ya binadamu. Anapoimba hujifunika blanketi zito kichwani yeye pamoja na maikrofoni, Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, feni imezimwa. Nyimbo zake nyingi ni za huzuni na sasa ninaelewa sababu.

Maikrofoni yenyewe ni ya aina wanayoiita kondensa, na haifanyi kazi mpaka ipelekewe umeme wa volti 48 kupitia waya uleule unaorudisha sauti. Ikishaamka haichagui. Inasikia mjusi anayetembea darini, inasikia maji yanayodondoka bafuni, inasikia mambo ambayo hata mama mwenye nyumba, mwenye masikio ya kusikia noti ikikunjwa mfukoni, hajapata kuyasikia. Mvua ikipiga bati, kazi imekwisha hadi kesho.

Nilipozidi kulalamika akanitolea mfano wa Mmarekani mmoja, Bruce Springsteen, ambaye Januari 1982 alirekodi nyimbo zake chumbani, mjini Colts Neck, jimbo la New Jersey, kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne za sauti. Alikusudia ziwe za kuwaonyesha tu wenzake wa bendi, na kaseti yenyewe akawa anatembea nayo mfukoni bila ya kasha. Walipojaribu kuzirudia studio na bendi nzima, utamu ukakimbia, ikabidi kaseti ileile ya mfukoni ndiyo itolewe kuwa albamu, nayo ni *Nebraska*. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo bwana alikuwa kwake. Mwenye nyumba hata akirekodi ngoma za mdundiko saa nane za usiku, ni shauri yake." Kijana akanitazama kwa huruma, akasema, "Fundi, na yeye ile nyumba alikuwa amepanga."

Nilirudi barazani nimenyamaza, na nadhani siku hiyo alipata dakika zake tatu bila ya kuomba.

Ukweli ni kwamba hadi wakati huo nilikuwa sijawahi kuusikia wimbo wake hata mmoja kwa ukamilifu. Nilikuwa nimesikia ubeti mmoja ukirudiwa mara 30, kama mtu anayebembeleza mtoto asiyetaka kulala. Jumanne moja usiku niliingia kwake na hasira zangu zimekamilika, nimeshazipanga kwa namba, naye kabla sijafika namba mbili akanivalisha hedifoni masikioni. Hasira zikakosa pa kutokea. Nilisikia gitaa la kawaida, lisilo la umeme, likitembea chini taratibu kama mzee anayekwenda msikitini, na juu yake jingine likirukaruka kama mjukuu wake. Nikavua hedifoni nikauliza huyo mpiga gitaa wa pili ni nani, maana sijamwona akiingia, wala hajachangia maji.

Kumbe hakuna wa pili. Ni kidole gumba kinachopiga nyuzi nene na kidole cha shahada kinachopiga nyuzi nyembamba, mkono mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba hayo yote ni Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu kwangu mimi gitaa lolote zuri ni Mbaraka mpaka lithibitishwe vinginevyo, lakini akanisahihisha kwamba mtindo huo ameupata kwa Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bunkeya, Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko Kongo. Mwaka 1952 alirekodiwa na Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka na mitambo yake garini, katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville na leo unaitwa Likasi, na wimbo wake *Masanga* ukapita mipaka mingi kuliko lori la mizigo. Mwenda huyohuyo alipata kukaa Nairobi akaimba redioni, hata matangazo ya dawa ya maumivu ya kichwa, Aspro. Hilo la Aspro lilinigusa, kwa sababu mimi ninapata kichwa kwa ajili ya muziki na sijalipwa na yeyote.

Basi nikavaa tena hedifoni nisikilize hadi mwisho, na ni hapo katika ubeti wa pili, nyuma ya sauti yake, niliposikia kitu ninachokijua kuliko ninavyoijua sauti ya mke wangu: tiki-tiki-tiki-tiki, kisha kimya kidogo cha kugeuza kitambaa, kisha tiki-tiki-tiki-tiki. Ilikuwa cherehani yangu. Tena, na hili sisemi kwa kujisifu, ilikuwa imekaa palepale panapotakiwa.

Kijana akaona nimeshtuka, akaniomba radhi haraka haraka, akasema nisijali, atairudia sehemu hiyo na kelele itaondoka.

"Kelele gani?" nikamuuliza.

Siwezi kueleza kilichonipata. Miezi minane nilikuwa nikilalamika kwamba ananizuia kupiga cherehani, na sasa alipotaka kuifuta nikahisi kama mtu aliyefutwa kwenye orodha ya wageni wa harusi ambayo mchango wake ameshautoa. Nikamwambia kwamba wimbo bila ya hiyo tiki-tiki ni suruali bila ya kipindo. Tukabishana hadi mama wa chumba cha tano akagonga ukuta, na mwishowe tukakubaliana kwamba tutarekodi cherehani peke yake, kwa heshima, maikrofoni mbele yake.

Alhamisi tukaibeba cherehani kutoka barazani hadi chumba cha tatu, watu wanne, feni imezimwa, jogoo yuko tengani. Akaniwekea masikioni mlio wa kuhesabu mapigo na kunitaka nisitoke nje ya mlio huo hata kidogo. Miaka 30 nimekanyaga cherehani bila ya mtu kunihesabia, na nilipohesabiwa tu miguu ikasahau kazi. Nikiwahi, ananiashiria nipunguze. Nikipunguza, ananiashiria niwahi. Nami macho yote nimeyakaza kwenye mkono wake badala ya sindano. Alipoinua kidole gumba kuonyesha kwamba tumepata, nikatazama chini nikakuta nimeushona mguu wa suruali ya mteja, suruali ya harusi, ukafungika kutoka gotini hadi chini. Nikapiga "Lahaula!" kwa sauti ambayo maikrofoni ya kondensa haiwezi kuikosa.

Kijana anasema hiyo Lahaula haifutwi, kwa sababu imeangukia kwenye mpigo. Mimi tangu jana nimekaa na wembe ninafumua, uzi mmoja mmoja, na kwa kuwa kufumua hakuna kelele, amepita hapa barazani asubuhi akanipa ruhusa ya kufanya kazi siku nzima.