Kabla ya Kuuliza Jeni, Uliza Mihogo Mingapi Ilikatwa

Muuza muhogo wa kuchoma pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, ana utaratibu wake. Anaumenya muhogo, anaupasua kati, kisha anautazama kabla ya kuutia motoni. Ukiwa mweupe pe, unakwenda jikoni. Ukiwa na mabaka ya kahawia yaliyokauka kama kizibo cha chupa, anakikata kipande kile na kukitupa ndani ya gunia lililo chini ya meza, na pengine muhogo mzima hufuata. Mteja anayengojea chumvi, pilipili na ndimu hana habari na gunia lile. Mimi hulitazama kila nikienda, kwa sababu kazi yangu ni takwimu, na gunia lile kwangu ni takwimu tupu.

Mabaka yale ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kule milima ya Usambara, na tangu zamani makao yake makubwa yamekuwa mwambao huu wetu wa Afrika Mashariki. Unaenezwa na nzi weupe, tena unasafiri ndani ya pingili zenyewe ambazo mkulima anapewa na jirani yake kwa nia njema. Ukatili wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana mazima, shamba linapendeza, na chini ya udongo mizizi imeshakufa. Mkulima wa Kwale anangoja karibu mwaka mzima, anang'oa, anapasua, ndipo anapojua kama ana chakula au hana.

Ndiyo maana watu wakijua ninafanya hesabu za mimea, swali la kwanza huwa hilo moja: "Jeni ya kuuzuia ugonjwa imeshapatikana?" Nalielewa. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba swali hilo limekaa vibaya, na kwamba kulipenda kwetu kunatupotezea fedha na miaka.

Shuleni tulifundishwa mbaazi za Mendel: mviringo au iliyokunjamana, kijani au manjano. Jeni moja, sifa moja. Kuna magonjwa ya muhogo yanayofuata njia hiyo. Batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, una mhimili mmoja mkubwa wa kinga, ambao watafiti waliuonyesha mwaka 2002 kutoka kwa muhogo wa kienyeji wa Nigeria. Mche ukiurithi, kinga ipo. Sifa nyingi tunazozitaka shambani, hata hivyo, haziko hivyo. Uzito wa mizizi, wanga, kuvumilia ukame, kuhimili michirizi ya kahawia: hizi hupanda na kushuka taratibu, hazina ndiyo na hapana. Mwaka 1918 mwanatakwimu R. A. Fisher alionyesha kwa hesabu kwamba hakuna ugomvi kati ya mambo haya mawili. Jeni zikiwa nyingi, kila moja ikifuata kanuni ya Mendel na kuchangia kidogo tu, jumla yao pamoja na mazingira hutoa mteremko laini usio na ngazi. Ni kama mchuzi wa nazi: ukiuonja unajua umekolea, lakini huwezi kukitenga kijiko kimoja cha tui ukasema hiki ndicho kilichoukoleza.

Sasa mtu anazitafutaje jeni nyingi ndogondogo namna hiyo? Wazo lenyewe si gumu. Unachukua mihogo mingi, unasoma alama za vinasaba vyake, yaani zile herufi za urithi zinazotofautiana kati ya mche na mche, katika maelfu ya sehemu za kromosomu, halafu kwa kila alama unauliza: je, mihogo yenye herufi hii ina mabaka machache kwa wastani kuliko yenye herufi ile? Karl Sax alifanya jambo la asili hiyo hiyo mwaka 1923 kwa maharagwe, akaona kwamba rangi ya ganda inakwenda sambamba na ukubwa wa punje. Yeye alikuwa na alama alizoweza kuziona kwa macho. Mwaka 1989 Eric Lander na David Botstein walitoa njia ya kukisia mahali jeni ilipo hata katikati ya alama mbili, na tangu hapo kompyuta ndizo zinazochapa kazi.

Hatari inaanzia kwenye neno "maelfu". Tuseme una alama 50,000, na hakuna hata moja inayohusika na ugonjwa. Ukitumia kipimo tulichozoea darasani, cha kukubali kosa mara 5 katika 100, utapata alama 2,500 zinazoonekana kuhusika. Elfu mbili na mia tano, zote uongo! Ukitaka kujilinda kwa kugawanya kipimo kwa idadi ya maswali, kila alama lazima ivuke kizingiti cha mara moja katika milioni. Njia ninayoipenda zaidi, nayo ndiyo ninayowafundisha vijana, ni ile ya Gary Churchill na Rebecca Doerge ya mwaka 1994. Andika namba ya ugonjwa ya kila mche, yaani kiasi cha mabaka yake, kwenye kikaratasi. Changanya vikaratasi kama karata za barazani, vigawe upya kwa miche bila mpango, kisha fanya hesabu yote tena na uandike matokeo makubwa kuliko yote uliyoyapata. Rudia mara 1,000. Sasa unajua bahati peke yake inaweza kufika wapi. Jeni yako ikishindwa kuipita bahati, iache. Nimewaona wanafunzi wakikata vikaratasi kwa makasi mezani na kunyamaza ghafla, wanapoona matokeo waliyoyashangilia asubuhi yamezaliwa tena na karata zilizochanganywa.

Hatari ya pili ni ya ukoo. Chukua watu wa Mji wa Kale na watu waliokuja Mombasa kutoka bara, uwaulize nani hunywa chai ya asubuhi kwa mahamri na mbaazi za nazi. Halafu usome vinasaba vyao. Kila alama inayotofautiana kati ya koo hizi, hata kama haina kazi yoyote mwilini, itajitokeza kama "jeni ya mbaazi". Muhogo nao una koo zake. Pale Amani, kuanzia miaka ya 1930, watafiti waliuzalisha muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ndugu yake wa porini, ili kupata kinga ya magonjwa, wakarudisha uzao kwa muhogo tena na tena. Vipande vikubwa vya kromosomu za mti ule bado vimo ndani ya mihogo ya Afrika leo, hasa kwenye kromosomu ya 1 na ya 4, na hurithiwa kwa pamoja kama mkeka usiokatika. Hesabu ikionyesha kinga iko ndani ya kipande kama hicho, imekuonyesha mtaa, haijakuonyesha nyumba. Ndani ya mtaa huo mna jeni chungu nzima, na zote zinashukiwa sawasawa.

Tena majina yetu wenyewe hutudanganya. Muhogo unaoitwa Kaleso huku Pwani ya Kenya, unaojulikana kwa kuihimili michirizi ya kahawia, na ule uitwao Namikonga Tanzania, vinasaba vimeonyesha kuwa ni mmoja. Anayehesabu kwa majina ataandika mashahidi wawili, kumbe shahidi ni yule yule aliyebadilisha kanzu. Ndiyo sababu hesabu nzuri za siku hizi hupima kwanza udugu wa kila mche na kila mwenzake, zikautia udugu huo ndani ya mlinganyo, ndipo zikauliza habari za jeni.

Watafiti walimzalisha Namikonga huyo na Albert, muhogo mwingine wa wakulima wa Tanzania, na uzao wao ukachunguzwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 hayakutaja jeni moja. Yalitaja maeneo kwenye kromosomu ya 2, ya 11 na ya 18 yanayohusiana na kuoza kwa mizizi. Nilipoyasoma nilifurahi kwa sababu yalikuwa kama sifa yenyewe ilivyo, yametawanyika.

Lakini haya yote, vizingiti, karata, udugu, yanasimama juu ya jambo moja ambalo halizungumzwi ukumbini: ile namba ya ugonjwa imetoka wapi? Imetoka kwa mtu mwenye kisu.

Nilikwenda Kilifi siku moja kusaidia mavuno ya shamba la majaribio. Mizizi inang'olewa, inapangwa kwa mistari, kila fungu na kibandiko chake. Unakata muhogo mapande, unatazama uso wa kila pande, unatoa namba kutoka 1 hadi 5. Moja ni safi kabisa. Tano ni mbovu kabisa. Katikati ndipo penye kazi. Tulikuwa watatu tukitazama pande moja: mmoja akaandika 2, mwingine 3, mimi nikaandika 3 kwa sababu nilisikia mwenzangu akisema 3. Jua limesimama utosini, utomvu umeganda kwenye vidole, kalamu inateleza. Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja wa Kigiriama, kibarua wa siku, kazi yake kumenya na kubeba. Nilimwamkia shikamoo asubuhi, sikuongeza neno. Nilipoandika 4 kwenye pande lililokuwa na kovu kubwa jeusi, akasema taratibu, "Mwanangu, hapo usiandike ugonjwa. Hapo paligongwa na jembe, maji yakaingia." Akalichukua pande, akalinusa, akanipa nilinuse. Lilikuwa na harufu ya kuoza. Akachukua jingine lenye baka dogo la kahawia, akalibonyeza kwa ukucha. Gumu, kavu, halinuki. "Huu ndio wenyewe," akasema.

Nilirudi nyuma mstari mzima nikafuta namba zangu.

Fikiria kosa lile likienda hadi kwenye kompyuta. Mche wenye kinga umeandikwa 4 kwa sababu ya jembe. Hakuna mlinganyo duniani unaoweza kunusa. Hesabu yake iko wazi: ikiwa tofauti za urithi na tofauti za makosa ya kupima zina uzito sawa, basi nusu tu ya unachokiona shambani ni urithi. Pima mmea huo huo kwenye mashamba madogo manne yaliyo huru, uchukue wastani, na urithi unafika 80 katika 100. Na muhogo, Mungu ametujalia, hupandwa kwa pingili! Mmea mmoja unaweza kuupanda Mtwapa, Msambweni na Malindi kwa wakati mmoja, kwenye mchanga na kwenye udongo mzito, ukiwa ule ule. Anayepima mahindi ya kuchavushwa ovyo hana neema hiyo. Sisi tunayo na tunaiacha, tunapanda mahali pamoja, tunapima mara moja, kisha tunalipia usomaji wa vinasaba wa bei kubwa zaidi.

Mwaka 1994 William Beavis alionyesha kwa kompyuta kinachotokea ukiwa na miche michache. Ukiwa na uzao 100 tu, nguvu ya jeni unazozipata inakuzwa mno. Ukiwa na 500, inakuzwa kidogo. Ukifika 1,000, unakaribia ukweli. Sababu ni kwamba ukiwa na miche michache, jeni ndogo haivuki kizingiti ila siku bahati imeisukuma juu. Mvuvi akija sokoni siku alizopata nguru mkubwa tu, mnunuzi atadhani bahari imejaa nguru. Kisha mzalishaji mbegu anaibeba jeni ile hadi shambani akitarajia nguru, akapata dagaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo wenzangu hawautaki. Kwa sifa kama hii, tupunguze hamu ya kuitaja jeni kwa jina. Mwaka 2001 watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walipendekeza njia nyingine: tia alama zote ndani ya hesabu kwa pamoja, kila moja na uzito wake mdogo, usiulize nani shujaa, bali ukisie thamani ya mche mzima. Mche mchanga unakisiwa kabla haujaweka mizizi, na mzalishaji anachagua wazazi bila kungoja miezi 12. Mkulima hali jina la jeni. Lakini njia hii nayo hujifunza kutoka kwenye namba za kisu na daftari, na namba zikiwa mbovu itajifunza ubovu kwa uaminifu mkubwa.

Nataka fedha zihamie huko. Mafunzo ya siku mbili kwa kila anayetoa namba za ugonjwa, yafanyike kwa Kiswahili au Kigiriama, na mizizi halisi iwe mezani badala ya picha ukutani. Kibarua anayeujua ugonjwa kwa ukucha alipwe kama mpimaji na jina lake liandikwe penye namba zake, ili hesabu iweze kupima pia tofauti kati ya mtu na mtu.

Kwa mavuno yajayo nimeomba watu wawili kwa kila mstari, kila mmoja na daftari lake, wasisemezane mpaka mwisho. Mama yule nimemtumia ujumbe kupitia kijana wake. Amejibu kwamba atakuja, ila kisu atakuja nacho mwenyewe.