Teke la kichwa kwenye tatami (mkeka wa mashindano) linalipa, mtaani hesabu ni nyingine

Ubishi wa mateke ya juu hauishi kwenye madojo, yaani kumbi za mazoezi ya karate. Kuna wanaosema teke la kichwa ndo silaha kubwa kuliko zote kwenye karate, kuna wanaosema ni la kupigia picha tu na ukilitegemea mtaani litakuponza, na mi naona pande zote mbili zina hoja, shida ni kwamba kila upande unaongelea mazingira yake alafu unadhani ndo karate nzima.

Chukua fainali ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021 pale Nippon Budokan, wanaume uzito wa juu ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4-1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran, Ganjzadeh anaingia kushambulia, Hamedi anaachia teke la juu linamkuta barabara, jamaa chini, amezima, akatolewa na machela. Marefa wakajadiliana wakampa Hamedi hansoku, yaani katolewa kwa kupiga bila kudhibiti nguvu, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyezimishwa. Ingekuwa dhahabu ya kwanza ya Saudi Arabia kwenye historia yote ya Olimpiki! Watu walilalamika sana na mi iliniuma, ila kwa kanuni za mchezo ule uamuzi ulikuwa na msingi wake.

Sasa hapo una majibu mawili kwa teke moja. Kama swali ni "linaweza kumzimisha mtu", jibu limeshapatikana, aliyezimishwa ni mchezaji wa kiwango cha dunia na sio mlevi wa baa. Lakini pia mchezo wenyewe haukutaka azimishwe, ulitaka teke lifike kichwani kwa kasi lakini liguse tu. Mtu anayefanya sparingi ya pointi (pambano la mazoezi la kuhesabu pointi) miaka na miaka anaufundisha mguu wake kufika na kusimama, na mwili huwa unafanya kile ulichozoea kufanya, hilo wanaotoka kwenye mashindano moja kwa moja na kujiona wako tayari kwa mtaa wanalisahau.

Na kwanini wachezaji wanalipenda? Pointi. Kwa kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, ngumi ni pointi 1, teke la mwilini pointi 2, teke la kichwani pointi 3, na ukimzidi mwenzio kwa pointi 8 pambano limeisha hapohapo. Teke moja la kichwa linafidia ngumi tatu, kwahiyo hata likikosa mara kadhaa bado linalipa. Na ukikosa ukaanguka, mwenzio ana sekunde chache za kukumalizia achukue pointi 3 zake, baada ya hapo refa anasema yame, yaani acheni, mnasimama mnaanza upya. Gharama ya kukosa ni ndogo, malipo ya kupata ni makubwa, nani asirushe?

Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, nao wana yao. Kule mnapigana kweli ila ngumi usoni haziruhusiwi, matokeo yake watu wanasogeleana kifua kwa kifua mikono iko chini inalinda mbavu, na teke la kichwa linatokea karibu kabisa mahali ambapo hukulitegemea. Mashindano ya dunia ya 1991 Francisco Filho wa Brazil alimzimisha Andy Hug kwa teke la aina hiyo wakati amri ya kusimama inatolewa, Hug ameshalegea, na Mas Oyama mwenyewe, mwanzilishi wa Kyokushin, akaamua teke ni halali. Ila rudisha ngumi za usoni kwenye pambano lilelile uone, ule umbali wa kusogeleana unapotea na lile teke linakuwa gumu zaidi kulipata.

Wanaolitetea huwa wanaleta mifano ya MMA (mapambano ya mitindo mchanganyiko), na ni mifano ya kweli. Lyoto Machida, mtu wa mtindo wa karate wa Shotokan kabisa, Aprili 2011 pale Toronto alimmaliza Randy Couture kwa teke la mbele la kuruka. Agosti 2022 Leon Edwards alikuwa anapoteza kwa pointi dhidi ya Kamaru Usman, imebaki chini ya dakika moja raundi ya 5, akarusha mkono wa kushoto kumdanganya, Usman akaegemea pembeni kuukwepa ule mkono na kichwa chake kikaenda kukutana na mguu uliokuwa unakuja nyuma ya huo mkono. Angalia hiyo video taratibu. Mkono ndo uliofanya kazi, mguu umekuja kuvuna. Usman alikuwa bingwa, anasoma mikono, ndo maana alidanganyika na mkono. Kibaka hasomi chochote, yeye anakuja tu amekuvamia mzima mzima, anakushika nguo anakusukuma ukutani, sasa hilo teke unalirushia wapi?

Mtaani ndo kuna mambo ambayo kwenye tatami hayapo. Hujapasha misuli moto, umevaa suruali ya jinzi ya kubana au sketi au kanzu, mguuni una kandambili, chini kuna kokoto au tope au vigae vya baa vimemwagikiwa bia. Mawashi geri (teke la kuzungusha) ya kichwa inataka kisigino cha mguu uliosimamia kigeuke kimuelekee adui, sasa jaribu kukigeuza kwenye kokoto ukiwa na ndala. Alafu angalia wanafunzi wengi, goti likipanda mkono wa upande uleule unashuka, uso unabaki wazi, umesimama na mguu mmoja, na mtu ambaye hajawahi kusikia karate maishani mwake akiona mguu umemjia kitu cha kwanza ni kuudaka. Ukidondoka hapo hakuna yame, na mara nyingi hayuko peke yake.

Na likipata? Hili watu hawaliongelei kabisa. Mtu akizimia amesimama anaanguka kama gogo, kichwa kinapiga lami, anaweza kufa, na wewe uliyekuwa unajihami unaanza kueleza polisi.

Wazee wa Okinawa, visiwa ambako karate ilianzia, walijua teke la juu lina hatari zake. Kata (mifuatano ya mapigo ya kukariri) za zamani za mtindo wa Goju-ryu mateke yake mengi ni ya chini, ile kansetsu geri (teke la kiungo) ya kwenye kata ya Sanseru inalenga goti. Mateke ya juu yalipata nafasi zaidi karate ilipofika Japan bara, na Gigo Funakoshi, mtoto wa Gichin, mwanzilishi wa Shotokan, ndo anatajwa sana kwenye mabadiliko hayo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naikubali nusu, kwamba anayeweza kufika kichwani atafika gotini bila shida. Nyonga na mizani kweli anakuwa navyo, na hivyo ni mtaji. Lakini kama hajawahi kupiga la chini huku anasukumwa na kushikwa kola, siku ya siku mguu utapanda juu kwa mazoea.

Kwahiyo masensei (walimu) wetu, mateke ya juu fundisheni, mazuri yale na vijana wanayapenda, ila mkimwambia binti au mama aliyekuja kujifunza kujihami kwamba hilo ndo litamuokoa mnamdanganya na mnamhatarisha. Mpeni kwanza kujinasua akishikwa mkono au nywele, pigo la kiganja usoni, pigo la goti, teke la mbele la chini kwenye goti au sehemu za siri, na kukimbia, tena ayafanye akiwa amevaa nguo anazoendea kazini, nje kwenye mchanga, na mwenzie amemng'ang'ania kweli.